Daftari Moja kwa Mtoto Aliyeshindwa Kusoma: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Moshi na Arusha

Katika vikao vya wazazi vya shule zetu za msingi hapa Moshi, mtoto aliyefika darasa la tatu bila kujua kusoma huzungumzwa kwa namna mbili tu: mwalimu husema mtoto ni mzito na hajitumi, na mzazi husema shule haifundishi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama mtoto huyo amewahi kupimwa masikio, kama alilia mara tu alipozaliwa, kama katika ukoo wake wapo wengine waliopata taabu ya aina hiyo, au kama kuna wakati anaduwaa darasani kwa sekunde chache kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hayo ni maswali ya afya. Shule huyaona kuwa ni kazi ya hospitali, na hospitali haimwoni mtoto huyo kwa sababu haumwi, hivyo huishia kutoulizwa na yeyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mafunzo ya elimu maalumu niliyapata katika Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, na kazi yangu imekuwa katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Ninachokieleza hapa ni utaratibu ambao mzazi na mwalimu wanaweza kuufuata kwa pamoja tangu siku wanapoanza kuwa na wasiwasi juu ya mtoto, bila kusubiri mtaalamu afike kijijini na bila kuwa na fedha nyingi. Msingi wake ni daftari moja la kaunta buku, ambalo nitalieleza baadaye kidogo.

Kwa nini hili ni jambo la afya ya jamii

Mtoto anayetoka shuleni bila kusoma hubaki na tatizo hilo maisha yake yote, na sehemu kubwa ya tatizo hilo humfuata hadi dirisha la dawa. Bahasha ya vidonge huandikwa "2x3" na jina la dawa. Asiyeweza kusoma hutegemea kumbukumbu ya maneno aliyoambiwa akiwa na homa, au humwomba jirani amsomee na hivyo kumweleza ugonjwa wake. Mama asiyesoma hawezi kufuata kadi ya kliniki ya mwanawe. Wavulana wanaochoka kuitwa vilaza huacha shule mapema na kwenda kupiga debe stendi, kubeba mizigo katika soko la Kilombero kule Arusha, au kutumikia mashimo ya tanzanaiti ya Mererani, ambako wanakutana na vumbi, ajali na gongo kabla hawajafikisha umri wa kupiga kura. Wasichana huacha kimyakimya zaidi, na mara nyingi mimba huja baadaye na kulaumiwa kuwa ndiyo iliyowaachisha shule, ilhali mioyo yao ilikuwa imekwisha kuacha shule muda mrefu.

Upande wa pili ni vyanzo. Baadhi ya mambo yanayoharibu uwezo wa mtoto kujifunza hutokea kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa na katika miaka ya kwanza, na huduma za kawaida za zahanati zinaweza kuyazuia au kuyapunguza. Ndiyo sababu Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeziweka afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali katika mpango mmoja.

Maneno kwanza

Tusipotenganisha maneno tutawachanganya watoto. Ulemavu wa akili ni hali ambayo uwezo wa jumla wa mtoto kuelewa, kujihudumia na kushughulika na mambo ya kila siku uko chini ya umri wake. Usonji ni hali nyingine, inayogusa mawasiliano na mahusiano. Ulemavu mahususi wa kujifunza humpata mtoto ambaye akili yake kwa jumla ni nzuri, lakini eneo moja linamshinda: kusoma, ambako huitwa disleksia; kuhesabu, diskalkulia; au kuandika, disgrafia. Mtoto mwenye disleksia anaweza kukusimulia hadithi nzima aliyosikia jana redioni, akamchekesha kila mtu, kisha akashindwa kusoma sentensi ya maneno manne. Tatizo lake si la macho. Ubongo wake unapata taabu kuunganisha sauti na herufi, na hali hiyo hurithiwa sana katika familia.

Kuna kundi lingine ambalo si dogo hata kidogo: watoto wasio na ulemavu wowote wa kujifunza, ambao hawasikii vizuri, hawaoni ubaoni, wana upungufu wa damu, wanakuja shuleni bila kula chochote, au walianza darasa la kwanza bila kukijua Kiswahili. Hao wote, kwa mbali, wanafanana na mwenye disleksia. Kazi ya kwanza ni kuwatofautisha.

Niseme pia jambo moja la ukanda wetu. Meno ya kahawia waliyo nayo watoto wengi wa maeneo ya Meru na sehemu za Kilimanjaro yanatokana na floraidi nyingi katika maji. Nimewahi kusikia watu wazima wakiyataja kama dalili ya uzito wa kichwa. Rangi ya meno si kipimo cha akili, na mtoto asipimwe kwa kicheko chake.

Daftari

Nunua kaunta buku moja. Likae kwa mzazi, na mtoto aje nalo shuleni kila Ijumaa ili mwalimu aandike. Siku ya kwenda zahanati liende pia. Nimeona watoto wengi waliokwisha kupimwa mara mbili au tatu, kila mara wakaanzishwa upya, kwa sababu karatasi ya hospitali ilibaki hospitali, taarifa ya shule ilibaki ofisini, na bibi aliyemleta mtoto hakujua kilichoandikwa mahali popote. Daftari moja linalotembea na mtoto linafanya kazi ambayo ofisi tatu zimeshindwa kuifanya.

Ukurasa wa kwanza uandikwe na mzazi, au aandikiwe huku akisimulia. Uanze na ujauzito: je, mama aliugua sana, alikunywa pombe? Kisha kuzaliwa: mtoto alizaliwa wapi, kwa uzito gani, alilia mara moja au alichelewa, alikuwa njiti, alipata manjano makali katika siku za kwanza? Kadi ya kliniki ina majibu ya baadhi ya maswali haya, kwa hiyo itafutwe hata kama imekwisha kuchakaa. Kisha magonjwa: degedege, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sikio kutoa usaha. Kisha hatua za ukuaji: alikaa lini, alitembea lini, alianza lini kusema maneno mawili pamoja.

Swali la ukoo lina wakati wake mzuri. Mwezi wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, na wajomba na mashangazi wamekusanyika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, uliza kwa utani nani alikuwa akichapwa sana shuleni kwa kutojua kusoma. Watacheka, watatajana, na mara nyingi atatajwa fundi hodari au mfanyabiashara mkubwa ambaye hadi leo hukabidhi barua zake kwa mkewe asome. Andika hilo katika daftari. Ni taarifa ya kitabibu, na pia humwondolea mama lawama ya kwamba amemharibu mtoto, au ya kwamba kuna mtu aliyemroga.

Kupima masikio na macho shuleni

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilimsimamisha mvulana mmoja nyuma ya darasa kwa karibu wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nikimwita naye haitiki. Muuguzi wa zahanati, aliyekuja shuleni kwa shughuli ya dawa za minyoo, alimtazama akiwa amesimama pale, akamgeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akaniita nione usaha uliokauka ndani ya sikio la kushoto. Sikio la kulia halikuwa na hali nzuri zaidi. Kwa hiyo mtoto asiyesikia nilikuwa nimempeleka mahali pa mbali kuliko pote na sauti yangu. Tangu hapo simhukumu mtoto kabla ya kufanya vipimo viwili ambavyo havihitaji mashine.

Cha masikio kinafanyika katika chumba kimya. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, ili asikuone midomo. Azibe sikio moja kwa kidole. Toa pumzi yote, kisha nong'ona maneno matatu mafupi, kwa mfano "saba, taa, nne", naye ayarudie. Badilisha maneno, pima sikio la pili. Akishindwa, rudia kwa maneno mengine. Akishindwa tena, andika katika daftari na apelekwe zahanati. Sikio lolote linalotoa usaha liende zahanati hata kama mtoto amefaulu kipimo, na lisitiwe mafuta wala maji ya majani.

Cha macho kinahitaji kamba ya mita 6 na kipande cha boksi. Chora herufi E yenye kimo cha milimita 17 au 18, kwa wino mweusi, mistari yake na nafasi zake ziwe na unene ulio sawa. Mtoto asimame mita 6 mahali penye mwanga, azibe jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, na aonyeshe kwa mkono upande ambao vidole vya E vimeelekea, huku ukiigeuza mara tano. Akikosea zaidi ya mara moja kati ya tano, kwa jicho lolote, anahitaji kupimwa na wataalamu wa macho. Kipimo hiki hakihitaji mtoto ajue kusoma, na ndiyo faida yake kubwa. Lakini mzazi asidanganyike: miwani itamsaidia asiyeona mbali, haitaponya disleksia, na anayekuuzia miwani ya kuponya kusoma anakuuzia vioo.

Kuhusu kuduwaa, mwalimu aandike tarehe na saa kila anapomwona mtoto amekatika katikati ya neno, macho yametulia mahali pamoja au kope zinapepesa, kisha akarudi bila kukumbuka kilichosemwa. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyomwangusha mtu, na ina dawa. Mtoto ambaye tayari anatumia dawa za kifafa na amekuwa akisinzia tangu azianze, mzazi amweleze daktari. Dawa isiachwe ghafla kwa uamuzi wa nyumbani.

Kusikiliza jinsi mtoto anavyosoma

Hapa ndipo mwalimu anapojua zaidi ya daktari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana mmoja wa darasa la tatu alinisomea ukurasa mzima bila kukwama, kidole kikitembea chini ya mistari. Kidole kilikuwa kimefika mwisho wa mstari wa nne wakati mdomo ungali katika mstari wa tatu. Nikachukua rula, nikafunika picha ya mbuzi iliyokuwa juu ya ukurasa, nikamwonyesha neno moja la katikati: "kamba". Alinyamaza. Aliitazama rula kwa muda. Kisha akasema polepole, "Mbuzi." Alikuwa amekariri ukurasa wote kwa kuwasikiliza wenzake, na kumbukumbu iliyoweza kazi hiyo haikuwa ya mtoto mjinga.

Kwa sababu hiyo usimpime kwa kitabu anachokijua. Mwandikie silabi, kisha maneno ambayo hayapo katika lugha, kama "bedo", "dapu", "ngelo" na "mbusile". Anayejua kuunganisha sauti atayasoma hata kama yanamchekesha, na aliyekariri sura za maneno atakwama. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia mara nyingi hafanyi makosa mengi ya ajabu. Anasoma kwa taabu na polepole mno, silabi baada ya silabi, hata akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Pima muda. Mwombe pia mwenzake wa kawaida wa darasa hilo asome maneno yayo hayo, na uandike dakika za wote wawili.

Angalia mahali anapokwama. Zipo sehemu za maandishi yetu zilizo ngumu kwa asili. Herufi "m" katika "mtoto" ni silabi peke yake, m-to-to, ilhali katika "mbuzi" inashikana na zinazofuata, mbu-zi. "Ngoma" na "ng'ombe" hutofautishwa na alama ndogo ambayo walimu wengine huisahau ubaoni. Kugeuza "b" kuwa "d" si dalili ya ugonjwa kwa mtoto wa miaka sita au saba. Ni jambo la kawaida la kujifunza, na huanza kutia wasiwasi linapoendelea baada ya hapo pamoja na dalili nyingine.

Tenga pia lugha na ulemavu. Mtoto aliyekuja Arusha kutoka kijiji cha Longido akiwa anajua Kimaasai tu, au aliyelelewa na bibi anayezungumza Kichagga tupu, atachelewa kusoma kwa sababu anajifunza lugha na herufi kwa wakati mmoja. Mwombe mtu wa lugha yake amsimulie hadithi fupi kwa lugha hiyo, kisha mtoto airudie. Akiisimulia vizuri, kwa mpangilio, unachohitaji kwanza ni Kiswahili cha kuzungumza. Vivyo hivyo, kuandika "r" penye "l" kunaweza kuwa ni matamshi ya nyumbani; kama kaya nzima hutamka hivyo, mtoto ameandika kwa uaminifu kile anachokisikia.

Kwa hesabu, weka mbele yake vizibo vya soda au maharage. Muulize bila kuhesabu fungu lipi ni kubwa, la tano au la nane. Mwache aende dukani arudi na chenji. Nimewajua watoto wanaosaidia mama zao Mbuyuni siku za soko bila kukosea hata shilingi hamsini, ambao hesabu za daftarini huzikosa zote. Hao hesabu wanaziweza, alama na maandishi yake ndiyo yanayowashinda, na mafundisho yao yaanzie sokoni.

Njia ya hospitali

Mzazi akishakuwa na kurasa tatu au nne za daftari, aanze na zahanati au kituo cha afya cha karibu, apewe barua ya rufaa. Kwa Moshi rufaa huelekea Mawenzi, hospitali ya mkoa, na kwa Arusha ni Mount Meru. Juu yao iko KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina idara za watoto, macho, na masikio, pua na koo. KCMC pia hufundisha wataalamu wa tiba kazi, yaani wanaomsaidia mtoto kushika kalamu, kukaa, kufunga vifungo na kupanga mwendo wa mikono yake.

Ombi kwa daktari liwe wazi. Bibi mmoja nilimwandalia maneno yake mapema, baada ya kurudishwa nyumbani na paracetamol.

"Shikamoo bibi. Safari hii ukifika utasema nini?"

"Marahaba mwalimu. Nitasema mtoto hasomi."

"Daktari atakwambia umpeleke shule. Sema hivi: mwalimu ameomba apimwe masikio na macho, aangaliwe wingi wa damu, na ameandika humu kwamba anaduwaa. Kisha umpe daftari."

Alirudi jioni na majibu yote yameandikwa katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa daktari ambao ilitubidi tusaidiane kuusoma, sisi ambao hatuna disleksia.

Shuleni, mwalimu amjulishe mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, ambao watamfikia afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Panapokuwa na hali ngumu nyumbani, kama mtoto kufungiwa au kunyimwa chakula, Afisa Ustawi wa Jamii ahusishwe mara moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, kwa hiyo mzazi anayedai mwanawe afundishwe haombi hisani.

Kufundisha wakati majibu yanasubiriwa

Usisubiri jina la tatizo. Dakika 15 kila siku, mtoto mmoja au wawili wawili, zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. Nina wanafunzi 74, na ninajua jinsi dakika hizo zinavyopatikana kwa shida. Mimi hutumia muda wa uji, na mara nyingine mwanafunzi wa darasa la sita aliyefundishwa namna ya kufanya.

Anza na masikio kabla ya macho. Mtoto apige makofi kwa kila silabi: ka-mba, m-to-to, ndi-zi. Kisha umwondolee silabi moja: "Sema kamba. Sasa sema bila ka." Likishakuwa jepesi, leta herufi nne au tano tu, zenye sauti zilizo mbali. Usifundishe "b" na "d" katika wiki moja. Fundisha moja hadi itulie, uache wiki mbili hivi, ndipo ulete ya pili. Kila herufi itamkwe, ichorwe kwa kidole juu ya majivu au mchanga uliotandazwa katika sinia, kisha iandikwe. Vizibo vilivyoandikwa silabi kwa makapeni hupangwa na kupanguliwa mezani: "ba" na "ta" ni "bata", ukibadilisha kizibo kimoja inakuwa "bati". Mkono wa mtoto unaona kwamba neno ni kitu kinachojengwa. Kila siku anza na cha jana, na umalize na kitu anachokiweza.

Darasani, mkalishe mbele, mbali na mlango. Usimwamuru asome kwa sauti mbele ya wote bila kumwandaa; mpe mstari mmoja siku moja kabla, aufanyie mazoezi nyumbani. Usimlazimishe kunakili ubao mzima. Mpe sentensi mbili za muhimu, zilizo sahihi. Katika jaribio la sayansi msomee maswali na umruhusu ajibu kwa mdomo, kwa maana unataka kujua kama ameelewa jinsi mmea unavyokunywa maji, na tahajia ina siku yake. Kumrudisha darasa hakutoshi: mtoto aliyefundishwa kwa njia isiyomfaa, akifundishwa tena kwa njia ileile, atakuwa mkubwa zaidi kuliko wenzake na asiyejua vilevile.

Kuhusu fimbo niseme waziwazi. Kanuni za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kuandikwa kitabuni. Kushindwa kusoma "kamba" si kosa la nidhamu. Mtoto anayeogopa hushika kidogo zaidi, na mtoto mwenye disleksia anayechapwa hujifunza kukariri, kunakili na kutoroka, ambazo zote huficha tatizo lisionekane hadi limekomaa.

Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia pia. Amsimulie, amuulize, amwache mtoto amfundishe yeye zile silabi za vizibo. Amtafutie kazi anayoiweza vizuri, kufuga sungura au kutengeneza baiskeli, na amsifu mbele za watu kwa kazi hiyo. Usiku alale vya kutosha. Asubuhi apate chochote tumboni kabla ya kushuka shuleni.

Yanayozuilika

Disleksia ya kurithi haizuiliki, na asiwepo wa kumlaumu mzazi kwa hilo. Lakini mama mjamzito aanze kliniki mapema, ameze vidonge vya madini chuma na foliki asidi, atumie chumvi yenye madini joto, na ajifungulie mahali ambapo mtoto asiyelia atasaidiwa kupumua mara moja. Mtoto mchanga mwenye manjano yanayoongezeka arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Kumwanika juani hakutoshi. Degedege ni hospitali, si mganga. Na juu ya mbege, najua ni kinywaji cha heshima hapa kwetu na hakuna sherehe bila hiyo. Lakini pombe ni pombe, hupenya hadi kwa mtoto tumboni na kuweza kudhuru ubongo wake, na mjamzito ana haki ya kuipokea kata kwa heshima na kuipitisha kwa jirani bila kunywa.

Mitihani na kidato cha kwanza

Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwalimu mkuu aulizwe mapema kuhusu mtoto wako, kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa, maana mtoto ambaye ugumu wake haujaandikwa popote hawezi kuombewa chochote.

Kidato cha kwanza kina mtego wake. Mtoto aliyejikongoja hadi darasa la saba kwa Kiswahili kinachoandikwa kama kinavyosemwa, hukutana ghafla na Kiingereza, ambacho herufi moja ina sauti nyingi na sauti moja ina maandishi mengi. Wapo ambao disleksia yao huonekana kwa mara ya kwanza hapo, wakiwa na miaka 14, na kuambiwa kwamba wameharibiwa na makundi. Anayefaa zaidi kwa ufundi aelezwe mapema kuhusu vyuo vya ufundi vya VETA, au kituo cha Usa River cha Kanisa la Kilutheri ambacho hufundisha vijana wenye ulemavu stadi za kazi, bila kusubiri afeli kwanza.

Mwezi wa Januari, siku ya kuripoti, mzazi amwone mkuu wa shule mpya akiwa na daftari. Atoe nakala ya ukurasa wa kwanza, wa majibu ya hospitali, na wa mwisho ambao mwalimu wa zamani ameandika mbinu zilizofaa na zilizoshindikana. Nakala zibaki shuleni. Daftari lenyewe lirudi nyumbani.